Figa la Lukumani

Nyie watoto hamna kazi. Kila mkikosa la kufanya mnakuja kunichokonoa mimi, Bibi tuhadithie, Bibi tuhadithie, kama vile mdomo wangu ni bomba la mtaa, ukilifungua linamwaga. Safari hii ni Tufaha, mjukuu wangu anayepiga taipu ofisini. Kanikuta nachambua choroko, akaniambia kwao mkubwa mpya kaleta mambo: hakuna tena kupangwa, kila mtu ajichagulie wa kufanya naye kazi. Ati jambo jipya. Nikamwambia jipya kwako wewe uliyezaliwa juzi; sisi hapa Tabora tulikwishaliona, likaota pembe, likakatwa. Hilo ndilo kosa langu, maana tangu hapo hanipi nafasi ya kupumua. Haya. Nasema mara moja. Atakayesinzia asiniulize alipoachwa.

Alikuwa anatawala Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, na vijana waliokwenda Keya, jeshi la Mwingereza, wamerudi na makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu. Mimi Bimdogo nilikuwa mjane bado kijana, nauza kahawa Mtendeni, nje ya ghala la nta la Bwana Ghalibu. Kijiwe chenyewe kilikuwa gogo la mninga lililolala kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani. Makalio ya watu yalilisugua gogo lile mpaka likang'aa kama sahani. Kiangazi kikiingia, ghalani wanayeyusha nta kwenye masufuria makubwa, na harufu yake inatoka nje inaufunika mtaa mzima kama blanketi. Watu wanasema polepole. Mbuzi wanalala katikati ya njia na hakuna wa kuwafukuza. Nyuki wanaoifuata nta wanatambaa kwenye midomo ya vikombe vyangu, wamelewa, hawamuumi mtu. Hata vumbi lilikuwa likipanda linashuka kwa wakati wake. Pale mtu aliweza kuanza neno asubuhi akalimaliza adhuhuri, na hakuna aliyemwona mvivu.

Wenyewe wa gogo walikuwa watatu. Sulemani tulimwita Gavana, kwa sababu siku moja aliliona gari moshi la Gavana likipita, lisisimame, na tangu siku hiyo hakuacha kuishauri serikali. Modest tulimwita Stesheni. Alikuwa mshika bendera wa reli mpaka macho yalipomchoka. Na Marko alikuwa Kengele, mgonga kengele wa misheni, mtu wa kusinzia, aliyewahi kuwaita waumini kwenye misa ilhali padri amekwishavua nguo zake. Hao ndio waliokuwa wakijua kila kitu duniani, na kahawa yangu ilikuwa inawaongezea.

Sasa jambo lenyewe. Kila mwaka masika yakiisha Bwana Ghalibu alipeleka watu porini kurina asali na kuleta nta. Wanakaa huko kambini mpaka mawingu yarudi. Kazi ni ya watu watatu watatu: mmoja anapanda mtini na kienge cha moshi, wa pili yuko chini ameshika kamba aliyojifunga mwenzake kiunoni, wa tatu anapokea asali kwenye lindo, pipa la gome la mti, tena ndiye mpishi. Aliye juu, roho yake iko mkononi mwa aliye chini. Zamani aliyewapanga ni nyapara, kwa fimbo: wewe huku, wewe kule. Mwaka uliotangulia watu wakarudi hawasemezani. Kambi moja walipigana mpaka lindo likapinduka, siafu wakafanya harusi. Bwana Ghalibu akamwondoa nyapara, akawaita watu uani.

— Babu yangu hakumpangia mpagazi mtu wa kula naye, aliwaambia. Walijichagulia wenyewe, chungu kimoja kambi moja, wakafika pwani wakarudi. Na nyie jichagulieni.

Ikawa kama ilivyokuwa kwa wapagazi. Kila mtu aje na figa lake kutoka nyumbani. Anaingia uani, anatazama nani anamtaka, anaweka figa lake karibu na la yule. Yakitimia matatu, chungu kinapanda, kambi imefungwa. Wasipokutaka wanalisukuma jiwe lako kwa mguu, hakuna neno, hakuna tusi. Na Bwana akitoka kusali alasiri, atakayekutwa ana jiwe lake mkononi msimu umempita. Aliyepitwa na msimu wote tulijua anakokwenda. Mwandikishaji wa manamba, vibarua wa mashambani, alikuwa kapiga kambi stesheni, na gari la Tanga linangoja watu wa kukata mkonge. Wa kwetu waliokwenda huko, mwaka wa kwanza salamu zilikuja. Mwaka wa pili hatukusikia.

Siku ya mafiga, jua lilipofika utosini, uani kwa Ghalibu vyungu vimekwishapanda kila upande, moshi umejaa, watu wanaonja uji na kucheka. Mmoja tu amekaa ukutani peke yake, jiwe amelipakata. Lukumani wa Isevya. Kijana mwembamba, mpole, mwenye miguu ya kima. Juu ya mti usingemwona kama amepanda au amezaliwa huko. Kutoka gogoni tulikuwa tunamwona wazi.

— Amelipakata tangu asubuhi, alisema Stesheni. Kama mtoto.

— Mtoto anaye, Kengele akajibu. Yuko Isevya, mgongoni kwa mkewe Maua. Lile ni jiwe.

— Na wiki ijayo yuko Tanga.

— Mchagua nazi hupata koroma, akasema Gavana.

Nikamwambia nazi zenyewe anaziona sokoni zikija na gari moshi, na Lukumani hakuchagua kitu, yeye ndiye hakuchaguliwa.

— Ni hivyo hivyo, Bimdogo. Nazi nayo haikuchagua.

Nikamjazia kikombe ili anyamaze. Hakunyamaza.

Sababu waliyokuwa nayo wote ilikuwa moja: Lukumani anasema usingizini. Kambini watu wanalala kuzunguka moto, na yeye, walisema, akishika usingizi anataja majina ya watu. Anayetajwa linampata jambo. Neno hilo lilikuwa limezunguka mjini tangu juma lililopita, Isevya wanalo, sokoni wanalo, na ukimuuliza mtu alilipata wapi anakuonyesha kidole kwa jirani. Neno likishakaa kijiweni siku mbili halina baba. Lakini mimi nilimkumbuka baba yake. Aliyeshika birika husikia kila mtu na hakuna anayemwona. Neno lile aliliweka pale gogoni Hilari, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa sadaka asitake kuonekana.

Huyo Hilari mumjue. Pande la mtu, koti la Keya mabegani kiangazi na masika, na mjini jina lake ni Simba wa Nyuki. Alijipa mwenyewe, watu wakampokea. Mara ngapi kalisimulia gogo lile jinsi anavyopanda, jinsi nyuki wanavyomjua, jinsi anavyoingiza mkono mzingani kama mtu anayetoa pesa mfukoni. Misimu yote iliyopita nyapara alikuwa akimpanga kambi moja na Lukumani. Ndiyo maana nilishangaa. Mtu unayekula naye chungu kimoja, neno kama lile unalipeleka wapi? Nikasema moyoni, tungoje. Kahawa haiivi kwa kupulizwa.

— Kasimiri je, akasema Gavana. Si alivunjika mguu porini?

— Alivunjika.

— Basi alitajwa.

— Nani alisikia akitajwa? nikauliza.

— Sasa angevunjikaje bila kutajwa? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi ningekuwa serikali ningepiga marufuku watu kusema wamelala. Akitaka kusema, aamke, asimame, aseme.

Wakati huo Hilari akatoka uani akaja gogoni. Hakuwa na mbwembwe zake. Jiwe lake lilikuwa limekaa kule uani pamoja na la Dionis, mpishi bora wa msimu, mawili yanatazamana, chungu kimewekwa chini kando yake. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi, na walioijia asubuhi Hilari aliwasukumia mawe yao kwa mguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Dionis akaanza kununa. Akakaa, akaomba kahawa, akasema bila kumtazama mtu kwamba haya maneno ya Lukumani yamezidi. Watu hutia chumvi. Kila mtu husema usingizini.

— Ahaa, akasema Stesheni. Kumbe na wewe umemsikia.

— Sikusema nimemsikia.

— Umesema watu hutia chumvi. Chumvi haitiwi kwenye maji matupu.

Akalisogelea gogo, sauti ikashuka. Stesheni akianza kusema kwa sauti ile hata nyuki walikuwa wanatulia. Akasema yeye, miaka yake ya kushika bendera, alikuwa akikaa peke yake kwenye njia panda ya reli, ile inayokwenda Mwanza na ile inayokwenda Kigoma, na gari likishapita, vumbi likilala, alikuwa akisikia nyayo. Si mtu mmoja. Ni msururu. Wapagazi wa zamani, hakuna aliyewapa habari kwamba safari imekwisha, bado wanatembea na pembe mabegani, na bega limewauma. Wanatafuta wa kumtwika mzigo. Lakini watu wa siku hizi hawawajui majina, na mzigo hautuliwi kwa mtu usiyemjua jina.

— Sasa wanamuuliza nani? akasema. Wanamuuliza aliyelala kinywa wazi. Nani yuko hapa? Naye anawatajia.

Nikawaona wote wanageuka kuitazama njia. Nami nikaitazama. Ilikuwa nyeupe, jua limeilalia, na mbuzi mmoja aliyelala katikati akainua kichwa kama aliyeitwa, akakirudisha chini. Hakuna aliyepita. Lakini niseme kweli, vumbi lilikuwa limesimama.

Hilari akasema hayo sasa ni mambo ya ajabu, mtu ni mwenzetu, ana mke, ana mtoto. Akasema wamhurumie.

— Huruma ndiyo inayoponza, akasema Gavana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Kazaliwa Isevya, akasema Hilari.

— Kazaliwa macho. Akilala ni mgeni.

Kengele alikuwa amefumba macho muda wote, nikadhani amekwishakwenda zake. Kumbe yuko. Akasema bila kuyafumbua:

— Mnamwonea. Yeye hasemi. Nyuki ndio wanaosema.

Wakamwacha aendelee, na yeye akaendelea kwa namna yake, neno, kimya, neno. Kwamba nyuki hawalali, wao huota tu, na mzinga mzima unaota ndoto moja. Kwamba mtu akipanda sana kwenye miti, ndoto ile inamwingia sikioni kama maji ya mtoni, nayo haitoki. Kwamba yeye mwenyewe Kengele, pale misheni, mara nyingine husikia mlio unatoka kabla hajaivuta kamba. Akajiuliza, sasa mimi nani ananiota? Mpaka leo alipomwona yule kijana na jiwe mapajani, macho nusu. Akamjua. Sisi sote tumo ndani ya usingizi wa Lukumani. Gogo hili, moshi huu, na Bimdogo mwenyewe.

— Mimi niko hapa kwa miguu yangu, nikamwambia, na kikombe ulichoondoka nacho jana hujakirudisha.

— Hata hilo ni yeye anakuotesha.

— Basi mwambie aniotee na kikombe.

Wala hawakucheka. Walikuwa wamekwishafika mbali. Gavana alikunja uso, maana jambo sasa lilikuwa la kiserikali.

— Akienda manamba je? Akilala Tanga?

— Tutaamka Tanga, akasema Stesheni.

— Wote?

— Na gogo.

Nawaambieni, na mimi si mtu wa kupagawa, kwa kitambo kidogo sote tuliuona mkonge. Mistari mirefu, mirefu, majani kama mapanga, na sisi katikati yake tumekaa na vikombe mkononi, hatumjui mtu. Harufu ya nta ilikuwa imetulemea. Nyuki mmoja alikuwa anazunguka ndani ya kikombe cha Hilari, na Hilari, nikaona, alikuwa amekishika mbali na uso kwa mkono ulionyooka, jasho linamtoka chini ya lile koti. Nikaliweka hilo akilini.

— Aliyelala usimwamshe, Kengele akasema, ukimwamsha utalala wewe. Ndiyo maana hawamchagui.

Hilari akainuka kidogo, akakaa. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa mali yake kwamba yeye haogopi kitu. Ikiwa hakuna anayemtaka, basi yeye Hilari atamchukua, atafanyaje, ni ubinadamu. Akatutazama tumsifu. Lakini hakuinuka kwenda kumwita. Alikuwa anatazama uani, kwa Dionis, na Dionis alikuwa ameuweka mguu wake juu ya ile nafasi ya tatu, wayo mzima, kama mtu aliyeua nyoka.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa Lusu. Hatukumjua na hatukumwona tena. Alikuwa na tenga la kuku kichwani, anangoja lori la Nzega, akaomba kivuli. Akatusalimu kikwao, "Mwadila," tukamwitikia, akatua tenga lake, akakaa mwisho wa gogo. Akauliza yule kijana mle uani amefiwa? Gavana akamweleza yote: mafiga, kuchaguana, majina, wapagazi, nyuki, Tanga. Mama akasikiliza mpaka mwisho huku anawanywesha kuku wake kwa kiganja.

— Nimesikia, baba. Hakuna aliyemchagua.

— Hakuna, mayu.

— Na yeye alimchagua nani?

Stesheni akamtazama Kengele. Kengele akafumbua macho. Tangu asubuhi tulikuwa tumewafufua wapagazi, tumeuhamisha mji mpaka Tanga, na hilo moja hatulijui. Hakuna aliyemwona akiliweka jiwe lake popote likasukumwa. Hakuna aliyemuuliza.

— Si anajua kusema na macho wazi, akasema yule mama. Mwiteni.

Nikamwita mimi. Lukumani akaja na jiwe lake, akawaamkia wazee, shikamooni, wakamwitikia kwa sauti ndogo, marahaba, kila mtu akiangalia kikombe chake. Dionis naye akasogea, alitaka kusikia. Nikamuuliza, wewe Lukumani, mtu gani uliyemtaka?

— Huyu hapa, akasema. Hilari.

— Mbona hukuliweka jiwe?

— Nilikuwa namngoja aniite. Nilidhani tunakwenda kama siku zote. Akamgeukia Hilari, hana hasira, kama mtu anayekumbusha njia. Si tulikubaliana? Mimi napanda, wewe unashika kamba.

Lilikuwa neno dogo. Alilisema kama unavyosema maji yako mtungini. Lakini gogo zima lilisikia, na mimi nikatazama kile kikombe, kimefika mwisho wa mkono wa Simba wa Nyuki, na yule nyuki mmoja bado anazunguka.

— Nani anapanda? akauliza Stesheni.

— Mimi, akasema Lukumani.

— Miaka yote?

Hapo akaelewa kwamba ametoa kitu kisichokuwa chake kukitoa. Akainamisha kichwa.

Aliyejibu ni Dionis. Mpishi huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe yana chumvi.

— Bwana Hilari, akasema, tangu asubuhi unanisihi nimpokee huyu. Juma lililopita ni wewe ulikuja nyumbani kwangu ukaniambia akilala anataja watu wanavunjika miguu. Mke wangu alikusikia. Nikaogopa, ndiyo maana nimeweka mguu pale. Sasa niambie, ulikuwa unaniogopesha nini?

Hilari akakiweka kikombe chini. Nilidhani ataleta hadithi. Hakuleta.

— Nilijua watamgombania, akasema. Kila kambi ingemtaka. Nikasema wakimwogopa, atabaki, nitamchukua mimi.

— Ukawaogopesha wote.

— Ndiyo.

— Na mimi nisiye mpandaji ukaniogopesha ya nini?

— Nilisahau kwamba na wewe utakuwa wa chungu hicho hicho.

Kengele akasema jifya moja haliinjiki chungu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amelenga. Yule mama wa Lusu akainuka. Lori lake lilikuwa linapiga honi kwa mbali, akajitwika tenga, akaenda zake na kuku wake, kama aliyeuliza njia ya kisimani.

Dionis akarudi uani. Akaliokota figa lake kutoka kwenye ubavu wa figa la Hilari, akalibeba mpaka pale ukutani alipokuwa amekaa Lukumani, akaliweka chini. Kisha akamngoja Lukumani naye aweke lake. Yakawa mawili, na la Hilari likabaki peke yake katikati ya uwanja, mtu mzima yule amesimama karibu nalo, jua limeanza kuinama, na msikitini wamekwishaadhini. Vyungu vyote vimefungwa. Sasa aliyekuwa anatazama upande wa stesheni ni yeye.

Gavana akataka faini. Akatamka mbuzi, dume, aliyenona, aliwe hapa hapa gogoni, maana gogo ndilo lililosingiziwa. Stesheni akaunga mkono. Wenye midomo walikuwa wamelieneza neno juma zima, sasa wanataka na nyama. Lukumani akawasikiliza kwa adabu mpaka wakaisha.

— Mbuzi ataliwa leo, kesho hayuko, akasema. Mimi sitaki mbuzi. Alete jiwe lake.

— Umemsamehe? akauliza Dionis.

— Sijasema nimemsamehe. Alete jiwe. Lakini mwaka huu atapanda yeye, na mimi nitashika kamba. Na atalala ubavuni kwangu. Kila kukicha awaambie watu wa kambi nilichosema usingizini, asiongeze, asipunguze. Maana mimi mwenyewe sijui. Miaka yote nimelala, sijui nasema nini. Sasa watu wameniogopa kwa kitu ambacho sijakisikia.

Hilari aliokota jiwe. Lilikuwa jiwe dogo kwa mtu kama yule, lakini alilibeba kwa mikono miwili. Bwana Ghalibu alipotoka kusali alikuta chungu kimepanda, hakuuliza kitu.

Wakaenda. Kiangazi kikapita juu yetu na harufu yake na vumbi lake, kahawa ikapanda ikashuka, gogo likawaotea wenye gogo mambo mengine. Sikuwasikia tena wakimtaja Lukumani. Walikuwa wakiitazama njia.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Nzega wakarudi. Nta yao ilikuwa safi kuliko ya wote, hilo Bwana Ghalibu alilisema mwenyewe. Dionis alinenepa. Lukumani alikuwa kama alivyoondoka, akapita moja kwa moja kwenda Isevya kwa Maua. Wa mwisho kufika ni Hilari, na gogo lilihitaji muda kumtambua. Jicho moja limefumba, shavu limepanda, midomo imevimba kama maandazi, na viganja vya mikono vimechunika kwa magome. Koti la Keya hakuwa nalo. Alilikata vipande akajifunga vidole. Akakaa. Nikammiminia kahawa, maana ni biashara.

Walimwacha anywe. Kisha Gavana, ambaye kunyamaza kwake kuna mwisho, akaanza.

— Haya tuambie na sisi. Anasemaje akilala?

Hilari alijua litakuja. Masharti yalikuwa juu yake, na sisi tulikuwa tumekaa pale pale neno lilipoanzia.

— Ananitaja mimi.

Kengele akavuta miguu yake chini ya gogo.

— Halafu?

— Anasema, Hilari, shika kamba.

— Halafu?

— Basi. Analala. Kesho yake tena.

Stesheni akauliza kama hakuna majina mengine, hata moja, hata la mpagazi. Hilari akatikisa kichwa. Akasema miaka yote ile Lukumani amekuwa juu ya mti hata akiwa amelala, na anayemwita ni yule yule wa chini. Akasema na yeye mwaka huu, akiwa juu, nyuki wamemfunika uso, haoni kitu, alikuwa anataka kulisema neno lile, na kinywa kimevimba hakilisemi.

Hilo ndilo alilolipa: jina lake la Simba, ambalo hakuna aliyemwita tena, msimu mzima kwenye miti anayoiogopa, na maneno yale matatu kuyarudia mbele ya gogo kwa midomo inayouma. Mbuzi angekuwa nafuu.